Jina Lililoitwa Kwenye Besi Yangu

Habari ya kifo cha Ndambuki ilinikuta mezani, mbele ya sahani ya muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, na niliendelea kula. Nasema hivyo mapema ili msomaji asije akanitafutia machozi kwenye sura hii. Aliyepiga simu alikuwa Ndunge, binti yake wa kwanza. Mara ya mwisho nilimwona akitambaa kwenye mkeka wa mama yake, na sasa ana sauti ya mwanamke aliyezoea kuongoza mikutano. Aliniambia baba yake alilala na hakuamka, kwamba watamzika Jumamosi nyumbani kule Mumbuni, na kwamba kamati ya mazishi imekubaliana ule wimbo wake mkubwa upigwe na watu kabla ya jeneza kushushwa, usichezwe tu kwenye simu. "Sasa tuko na shida ya besi," akasema. "Uncle Mutiso ndiye alipiga, lakini si unajua kidole chake hakikupona. Watu wa studio huko Nairobi wametuambia ni wewe tu unaweza kuipiga vile yeye alipiga." Nikaweka kijiko chini. Vile yeye alipiga! Nilimwambia pole kwa msiba, nikamuuliza wanaanza saa ngapi.

Mimi ni mpiga besi wa kukodiwa. Bendi ikienda studio na mpigaji wao hawezi, naitwa mimi, nasikilizishwa wimbo mara moja, napiga, nalipwa, natoka kabla mpiga picha wa jalada hajafika. Nimewapigia watu wa benga na wa rumba, nimepigia kwaya ambazo waimbaji wake wakinikuta barabarani hawanijui, nimempigia kijana mmoja ambaye baadaye alijaribu kunifundisha kipande nilichompigia mimi mwenyewe. Hayo silalamikii, ndiyo kazi niliyochagua. Wala kwa Ndambuki si habari ya pesa, maana alinilipa siku ileile, mkononi. Kinyongo changu ni cha kitu kingine. Katikati ya wimbo ule wake, ambao harusi ya Wakamba haiishi bila kuupiga, magita yote hunyamaza, ngoma hunyamaza, kisha Ndambuki hupaza sauti: "Kuna, Mutiso! Kuna, mwana wa Kithimani!" Kuna kwa Kikamba ni piga. Hapo besi huingia peke yake, na watu wazima huacha soda zao wakasimama. Mtu yeyote wa Machakos mwenye umri wangu anaweza kukuimbia besi ile kwa mdomo. Vidole vinavyosikika pale ni hivi vyangu, na jina linaloitwa ni la mtu ambaye siku ya kurekodi hata Nairobi hakuwepo.

Mwaka wa wimbo ule nilitoka Wamunyu, kwenye banda la baba la kuchonga vinyago, viganja vigumu kwa kushika tezo. Ndambuki alikuwa amenisikia nikipiga kwenye harambee ya shule. Alikuwa na nyimbo nzuri na hana besi. Mwenye studio alikuwa amemwambia waziwazi kwamba akirudi na yule shemeji yake, Mutiso, asirudi kabisa. Mutiso ndiye aliyekuwa akishika besi katika bendi, na alikuwa akiishika kama mtu aliyeambiwa amshikie mwingine. Kwa hiyo Ndambuki akanichukua mimi, akaniweka nyumbani kwake ili nizijue nyimbo zake zote mpaka nizipige nikisinzia. Chumba changu kilikuwa stoo nyuma ya jikoni. Nililala kati ya magunia ya mahindi na ya mbaazi, na vumbi la mbaazi liliniingia puani mpaka leo nikilisikia sokoni najiona kule. Dirisha lilizibwa kwa gunia. Amplifaya ilikaa juu ya debe, spika yake imeshonwa kwa uzi wa viatu, na nikigusa uzi mnene, mahindi yaliyomwagika sakafuni yalirukaruka. Ukuta uliotenganisha stoo na sebule ulikuwa wa mbao na mabati, hivyo mambo ya nyumba ile niliyajua yote, nikitaka nisitake.

Jikoni kulikuwa na Mama Ndunge, mke wa Ndambuki, na nyumba nzima ni yeye peke yake aliyeniita kwa jina langu. Wengine wote, Ndambuki akiwa katika haraka zake, wapiga gita, majirani, waliniita wa Wamunyu. "Wa Wamunyu, leta waya. Wa Wamunyu, songa." Yeye alisema, "Kioko, kuja ule," na alinipakulia kabla ya wanamuziki wengine, chungu kikiwa bado na mafuta juu. Alikuwa na sikio kuliko mume wake. Nikiwa stoo napiga, yeye akiwa nje, utasikia sauti inakuja kupitia lile gunia la dirishani: "Hapo umekimbia, Kioko. Nani anakufukuza?" Na ilikuwa kweli. Besi yenyewe ya wimbo ule niliitoa kwake. Walikuwa wakitwanga mahindi ya muthokoi yeye na jirani yake, kinu kimoja, michi miwili, huyu akiinua yule anashusha, na kila baada ya muda mmoja wao alikuwa akichelewesha mchi kidogo ili apumue. Nilikaa kwenye gunia nikaufuata ule mwendo mpaka na mimi nikajua pa kuchelewa. Nilipompigia Ndambuki kile kipande jioni ile, alivua kofia. Akasema tutanyamazisha wote, besi itoke peke yake.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, maana ndiyo iliyoniua. Katika nyimbo zetu mwimbaji huwataja watu katikati ya wimbo. Humsalimu mwenye duka aliyemkopesha mafuta, chifu, rafiki aliye Mombasa, na zaidi ya wote huwaita wapigaji wake kila mmoja zamu yake inapofika. Mpigaji akiitwa kwenye sahani ya santuri amezaliwa mara ya pili. Nimewaona wanaume wakinunua redio ili wajisikie wakiitwa. Na siku zile sauti na vyombo vilirekodiwa pamoja kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo jina likishatoka mdomoni limetoka. Miezi ile yote tulipokuwa tukifanya mazoezi uani, Ndambuki aliniita mimi. "Kuna, Kioko! Kuna, mwana wa Wamunyu!" Watoto wa mtaa waliikariri, wakawa wakinipigia kelele hivyo nikienda kuchota maji. Hata Mama Ndunge aliwahi kuitamka akiwa amepinda mgongo juu ya jiko, akacheka mwenyewe. Nikapeleka ujumbe kwa baba na mama kwamba wimbo ukianza kupigwa kwenye kipindi cha Kikamba, wakae karibu na redio. Nilikuwa na miaka ishirini na sikuwa na kitu kingine cha kuwapelekea.

Mutiso alikuja mchana mmoja wakati wa kiangazi, amevaa koti, ameandamana na wazee wa ukoo wao kutoka Kithimani. Baba yao alikuwa amekufa, hivyo yeye ndiye aliyesimama mahali pake. Hakuwa amekuja kwa habari ya besi. Alikuwa amekuja kumchukua dada yake. Ndambuki alikuwa akiishi na Mama Ndunge bila kupeleka ntheo, wale mbuzi ambao kwetu ndio wanaofunga ndoa. Unaweza kumpa mwanamke nyumba na watoto, lakini mbuzi wa ntheo wasipofika kwao, yeye bado ni binti wa kwao, na akifa watakuja kumchukua wakamzike kwao. Ndambuki hakuwa na mbuzi. Ukame ulikuwa umewamaliza wake, na pesa zote ziliingia kwenye nyuzi na betri. Nililala juu ya magunia nikawasikia wakizungumza upande wa pili wa mabati.

"Mbuzi nitatoa wapi?" Ndambuki alisema. "Lakini niko na kitu kimoja. Nitakutaja kwa sahani. Jina lako lisikike mpaka Mombasa."

"Kunitaja ya salamu?" Mutiso akacheka. "Kila mwenye kioski anatajwa. Mimi huko kwetu wanajua mimi ni mpiga gita. Unataka niwaambie nini, ati nilifukuzwa?"

"Wacha hiyo ya kufukuzwa. Nitakutaja vizuri."

Mzee mmoja akasema, "Mbuzi ataliwa aishe. Jina la mtoto wetu likiingia redio halitaisha. Ukimwita hapo kwa muziki yenyewe, na watu wote wasikie ni Mutiso wa Kithimani anapiga, sisi tunasema ntheo imefika." Wengine wakaguna kukubali. Wakaletewa chai, nikasikia vikombe, na Mama Ndunge akipita na sinia. Mimi nilidhani nimeelewa: Mutiso atasalimiwa mahali fulani kwenye wimbo, wazee hawatajua tofauti, mambo yatakwisha. Nilimwonea huruma Ndambuki. Nilimhurumia mtu aliyekuwa akiniuza, mimi niko upande wa pili wa ukuta.

Studio ilikuwa Nairobi, chumba kisicho na dirisha, kuta zimefunikwa kwa trei za mayai. Tulisimama karibu karibu hivi kwamba nilikuwa nikisikia pumzi ya Ndambuki yenye harufu ya vitunguu. Taa nyekundu ikawaka. Tukaanza, na nakwambia sijawahi kupiga vile tena. Tulipofika pale, magita yakanyamaza, ngoma ikanyamaza, Ndambuki akageuza uso akanitazama machoni, mimi huyu, na akiwa ananitazama akaita, "Kuna, Mutiso! Kuna, mwana wa Kithimani!" Mikono yangu ikaingia yenyewe. Ningeweza kuacha. Kwa muda ule mfupi nilijua kabisa kwamba nikiinua vidole, mkupuo umeharibika, na mwenye studio asingetupa mwingine siku hiyo. Lakini nilikuwa nimeingoja sehemu ile mwaka mzima na mikono haikukubali. Nikampigia Mutiso. Watu husema besi ile ina hasira, wanaisifu kwa hasira yake. Sasa mnajua ilitoka wapi. Tulipomaliza, Ndambuki alinishika bega akasema, "Ni mambo ya nyumbani, kijana. Wewe bado uko na nyimbo nyingi mbele yako." Nilichukua nguo zangu stoo siku ileile. Mama Ndunge alinifungia chakula kwenye kitambaa, na hakuniuliza imekuwaje. Alikuwa anajua tayari.

Nilifika Wamunyu, na upumbavu wangu ni kwamba sikuwa na moyo wa kuwaambia. Wimbo ulipopigwa, baba alikuwa amewaita wachongaji wote, wameweka redio juu ya gogo la mpingo katikati ya banda. Mama alivaa leso mpya. Jina likaitwa, besi ikaingia, wimbo ukaisha. Kisha mchongaji mmoja, mtu wa mzaha, akanigeukia akasema, "Hongera, Mutiso." Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Baba hakucheka. Aliokota tezo yake akaendelea na kazi, na mama akaenda kubadilisha leso. Mpaka leo nikienda kwetu kuna wazee wananiita Mutiso. Nimezeeka nikiitwa hivyo. Wengine wao hawakumbuki tena kwamba ulikuwa mzaha, wanadhani ndilo jina langu, na mtu akiuliza kwa Kioko ni wapi, wanamwambia hakuna mtu kama huyo hapa.

Nilijaribu kusema ukweli. Kila mahali nilijibiwa jibu moja: mbona sahani inasema Mutiso? Sahani ilikuwa shahidi wake na mimi nilikuwa mtu wa maneno. Naye alikitia kichwani kilemba hicho cha ukoka na hakukivua. Alishika besi kwenye densi mbili tatu, akaona watu wameanza kutazamana, ndipo kidole kikazaliwa. Kidole cha Mutiso, eti kilibanwa na mlango wa lori. Akaingia biashara, akawa mzee wa kanisa, na kila ilipofika sikukuu redio zilimwita aeleze alivyoitunga besi ile. Nilimsikiliza mara moja, niko jikoni kwangu. Akasema ilimjia akiwa shambani, kutoka kwa Mungu. Kutoka kwa Mungu! Ilitoka kwa wanawake wawili na kinu. Nilizima redio, nikakaa nikifikiria nitakavyomfanya, na fikira hiyo nimeilea miaka yote kama mtu anavyofuga ng'ombe. Sikumtakia mauti hata siku moja. Nilitaka awe hai, awe na afya, awe amekaa mbele ya watu wengi.

Jumamosi nilifika Mumbuni asubuhi na gita langu. Nilikuwa nimepanga kuomba kipaza sauti kabla ya wimbo niseme yangu, lakini kijana aliyekuwa bwana programu, mwenye suti na karatasi, alikataa. "Mzee, wanamuziki ni kupiga tu. Speech ni za familia na viongozi." Basi. Nikaingia nyumbani kumpa mjane pole. Mama Ndunge alikuwa amekaa kwenye mkeka kati ya wanawake, mwembamba, macho yaleyale. Aliwaambia wanawake watupishe.

"Kioko. Umezeeka vibaya."

"Pole, Mama Ndunge."

"Nimepoa. Ni mimi niliwaambia waulize studio, wakuite. Nilitaka aende na ile yenyewe, sio ya hawa watoto." Akanitazama usoni. "Lakini nakuona. Hukukuja kuzika tu."

"Nimeitwa kupiga besi."

"Mutiso ndiye mtoto wa mama amebaki. Kesho enda redio useme yote, mimi sitakataa. Hata nikiulizwa nitasema ni kweli. Leo hapana."

"Miaka yote hii ungesema. Wewe ulikuwa unajua, na ulinyamaza."

"Ningesema nini?" Hakupandisha sauti. "Hiyo jina ndiyo ntheo yangu. Mbuzi haikutoka hapa, hata moja, mpaka leo. Nikisema jina ni ya uongo, mimi niko hapa kama nani? Wazee wa Kithimani wako kwa tenti, Kioko. Wacha nizike bwana yangu kwanza."

Nilimwambia nimesikia. Sikumwahidi kitu, na yeye alijua, kwa sababu alinishika mkono akauachia haraka.

Hema zilikuwa zimejaa mpaka barabarani. Mutiso alikaa mstari wa mbele, ua kwenye koti, mkono wake wa kidole umelala juu ya bakora, na watu walikuwa wakipita kumsalimu kwa mkono huohuo. Mpwa wa Ndambuki ndiye aliyeimba. Mimi nilisimama nyuma, kando ya ngoma, mahali pangu pa siku zote. Wimbo ulienda vizuri. Tulipofika pale magita yakanyamaza, ngoma ikanyamaza, na mpwa, kwa kupenda kuwashirikisha watu, akageuzia kipaza sauti kwenye hema. Umati wote ukaita kwa sauti moja, wazee na watoto wa shule, "Kuna, Mutiso! Kuna, mwana wa Kithimani!"

Safari hii mikono ilinisikiliza. Niliiinua juu ya nyuzi nikaiacha hewani.

Mtu wa mitambo alikimbilia waya akidhani stima imepotea. Watu wakaanza kunong'ona. Nikatembea mpaka mbele, nikachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa yule mpwa. "Mmemwita Mutiso," nikawaambia. "Mutiso ni yule pale. Aje apige." Nikavua mkanda wa gita shingoni. Watu wakapiga makofi, walidhani ni heshima tumemwandalia, wanawake wakapiga vigelegele, na vijana wakainua simu zao warekodi. Mtu akasema, "Kidole chake, jamani." Nikasema, "Kimesalimu watu tangu asubuhi. Kije." Alisimama kwa sababu kukaa kulikuwa kumemshinda. Nilimvisha gita mimi mwenyewe, taratibu, nikamnyooshea mkanda begani, na nikiwa karibu naye hivyo nilimwona akitafuta pa kuweka vidole. Nakiri kwamba niliipenda dakika ile. Nilitamani baba yangu angeiona.

Aliugusa uzi mmoja. Spika zikatoa mlio mbaya uliofika barabarani. Akautazama mkono wake, kisha akasema kitu kwa sauti ya chini.

"Mzee, ongea kwa maiki," bwana programu akamhimiza.

"Nimesema sio mimi," Mutiso akasema, na safari hii spika zililibeba. "Ile ya sahani sikupiga mimi. Ni huyu wa Wamunyu."

"Wa Wamunyu ana jina?" bwana programu akauliza.

Mutiso akaangalia viatu vyake. Hakuwa nalo. Mtu amekula jina langu maisha yake yote na halijui! Nikamvua gita, nikajivalia, nikasema mwenyewe: "Kioko. Mwana wa Wamunyu." Mpwa wa Ndambuki, Mungu ambariki, alikuwa na akili ya jukwaani. Aliona umati unaelekea kuvurugika, akauelekezea kipaza sauti akaita, "Haya, semeni: Kuna, Kioko!" Wakaita. Mara ya kwanza kwa kusitasita, mara ya pili kwa nguvu, na mimi nikaingia. Niliipiga yote, na pa kuchelewa nilichelewa.

Sikuwa nimemaliza nilipomwona mzee mmoja wa Kithimani, baba mdogo wa Mama Ndunge, akisimama kwenye hema la wakwe. Alikuwa mmoja wa wale waliokunywa chai siku ile, wa mwisho kati yao. Hakuhitaji kipaza sauti. "Sisi tulipewa jina badala ya mbuzi," akasema. "Tukaambiwa ni Mutiso anapiga. Sasa Mutiso mwenyewe amesema sio yeye. Basi ntheo ya mtoto wetu ililipwa na nini?" Bwana programu alijaribu kusema hayo yatazungumzwa baadaye. Mzee akamwambia, "Baadaye gani? Huyu mtu anaingia ardhini. Mwanamke ambaye hajaolewa hatazika mwanaume hapa kama mke. Simamisheni hiyo kitu." Mchungaji akaitwa, wazee wa pande zote mbili wakaenda pembeni nyuma ya tangi la maji, na Ndunge akapita mbele yangu mbio, akiwa analia, bila kunitazama. Waliporudi, neno lilikuwa moja: watoto wa Ndambuki watafute mbuzi sasa hivi, wapokewe na Kithimani papo hapo, ndipo jeneza lishuke. Vijana wawili walipanda pikapu kuelekea sokoni.

Mama Ndunge alikuwa amekaa kando ya jeneza. Wanawake wa ukoo wa mume, waliokuwa wamemzunguka tangu asubuhi, walikuwa wamesogea kidogo kila mmoja, hakuna aliyewaamuru, na pale kwenye kiti chake alibaki peke yake. Jua lilikuwa kali. Aliniangalia mara moja tu. Watu walianza kuchoka kungoja, minong'ono ikazidi, na bwana programu akanijia akifuta jasho. "Mzee Kioko," akasema, na alilitamka vizuri, "tafadhali, wapigieni watu kitu." Kutoka kwenye hema la nyuma mtu akaita tena jina langu, kisha mwingine, kisha wote, kwa furaha, kama wamelijua siku zote. Nilikuwa nimelingoja tangu nikiwa na miaka ishirini.

Nilipiga mpaka mbuzi walipofika.